Kikundi cha watumiaji wa Linux Dar: uzoefu wangu kama mwenye steshenari

Nina steshenari Sinza. Nachapa barua na CV, natoa kopi, naskani vyeti, najaza maombi ya vyuo na ya ajira kwa vijana wasio na kompyuta. Nasema hivyo mapema kwa sababu maoni mengi kuhusu Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, yanaandikwa na waliosomea kompyuta, na mwenye biashara kama yangu akiyasoma anabaki na swali lake lilelile: kazi za wateja zitatoka? Kwangu zinatoka, na sababu kubwa ni kikundi cha watumiaji wa Linux kinachokutana Jumamosi hapa Dar. Mfumo wenyewe ni wa bure, yeyote anaweza kuushusha. Aliye adimu ni mtu wa kukaa na wewe mbele ya mashine yako mpaka printa itoe karatasi inayosomeka, na watu hao nimewapata pale.

Kilichonipeleka ni virusi vya flashi. Mwenye steshenari yeyote anaijua hali hii: mwanafunzi anakuja na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, anachomeka flashi, folda zote zimegeuka njia za mkato. Ukibofya, kirusi kinaingia kwenye mashine yako, na mteja anayefuata anaondoka nacho. Fundi wangu alikuwa anakuja kupiga window upya, Sh 15,000 kwa mashine, na haikuchukua muda tunarudi palepale. Kijana mmoja wa kikundi, mteja wangu wa siku nyingi, akachomeka flashi ya namna hiyo kwenye laptopu yake yenye Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, mwenye flashi akiwa amesimama hapo hapo. Folda zote zikaonekana. Kumbe mafaili halisi hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yamefichwa kwa alama ambayo Windows inaitii na Linux haiijali. Na lile faili la kirusi lilikuwepo pia, lina jina la ajabu, halina la kufanya kwa kuwa liliandikwa kwa ajili ya Windows. Akanakili ripoti, akafuta takataka, akamrudishia dada wa watu flashi yake. Dada yule alikuwa ameshaanza kulia.

Jumamosi iliyofuata nikafunga duka mchana nikaenda kuwaona.

Wanakutana kwenye chumba cha mafunzo wanachoazimwa Kijitonyama. Hakuna kiingilio, kuna mchango wa hiari wa maji na umeme. Watu ni mchanganyiko: wanafunzi wa vyuo, mafundi wa Kariakoo, mwalimu wa sekondari, mhasibu, na mzee mmoja mstaafu ambaye kila mtu anampa shikamoo kwanza ndipo amuulize habari za kerneli. Yeye ndiye aliyenieleza, bila haraka, kwamba kiini cha mfumo huu kilianza kuandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kwamba zana nyingi zinazokizunguka zilitoka kwenye mradi wa GNU, wa programu huru, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Anazikumbuka pia enzi za CD za Ubuntu, toleo jingine la Linux. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoanzisha Ubuntu mwaka 2004, kampuni yake ilikuwa inatuma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, na utaratibu huo uliendelea mpaka 2011. Wakati ule kushusha MB 700 kwenye intaneti kafe ya hapa ilikuwa kazi ya usiku kucha, kwa hiyo bahasha ile watu waliingoja kwa hamu.

Kanuni yao moja nimeipenda kuliko zote: mwenye mashine ndiye anayeshika kibodi. Anayekusaidia anakaa pembeni anasema, wewe unaandika, na unanakili kila amri kwenye daftari lako. Inachosha. Lakini ukirudi dukani Jumatatu shida ikajirudia, huhitaji kumpigia mtu simu.

Siku ya printa ndiyo iliyonifunga kwao. Nina printa mbili. Ile ya matangi ya wino ilitambuliwa yenyewe. Ile ya leza, ambayo ndiyo inayolisha duka, ikagoma: inapokea kazi, taa inapepesa, karatasi inatoka nyeupe pee. Tukafungua kivinjari, nikaandika localhost:631, ukaja ukurasa wa CUPS, mfumo unaosimamia printa kwenye Linux na hata kwenye kompyuta za Apple. Printa ipo kwenye orodha, kazi inaonekana imekamilika, na karatasi bado nyeupe. Vijana wakaanza kubishana. Mmoja akasema waya, mwingine akasema draiva, programu inayoiunganisha printa na kompyuta. Aliyesema draiva ndiye aliyepatia: ile ya mtengenezaji ilikuwa imeandikwa kwa mashine za aina ya zamani, za biti 32, mfumo wangu ni wa biti 64, na maktaba (mafaili ya msaada) inazozitegemea hazikuwemo. "Dada, andika: sudo dpkg --add-architecture i386." Nikaandika. Amri hiyo inaruhusu programu za biti 32. Tukasasisha orodha ya vifurushi vya programu, tukavuta maktaba zilizokosekana, tukaweka draiva upya. Ukurasa wa majaribio ukatoka, watu wakapiga makofi. Mzee akasema, "Sasa chapa kazi ya mteja, mwanangu. Ukurasa wa majaribio usiuamini." Nikachapa mkataba wa pango wa kurasa kadhaa, wenye mhuri ulioskaniwa. Ukatoka wote, mhuri umekaa mahali pake. Mpaka leo printa ile inafanya kazi kutwa.

Jambo jingine ambalo sikulitegemea ni fonti. Mteja analeta CV aliyoiandika kwa Calibri. Ukiifungua kwenye mashine isiyo na Calibri, mistari inasogea, na jina la mdhamini wa mwisho linaangukia ukurasa wa pili peke yake. Mteja anakuona hujui kazi. Mhasibu wa kikundi akanionyesha Carlito, fonti ya bure ambayo upana wa herufi zake ni uleule wa Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. Kwa Times New Roman na Arial kuna familia ya Liberation. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka, inabadilisha fonti yenyewe, mistari inabaki ilipokuwa.

Siku hiyohiyo nikaweka kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Sisi tunaochapa risala za harusi, mihtasari ya vikoba na barua za serikali za mitaa tumezoea ukurasa mzima kupigiwa mstari mwekundu, kana kwamba lugha yenyewe ni kosa. Sasa mstari unakuja pale nilipokosea tu, na maneno yanayokosekana kwenye kamusi nayaongeza mwenyewe. Kazi ya kuleta programu huru kwa Kiswahili ilifanyika hapahapa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, ndicho kilichotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Naumia kuona vijana wengi wanaoingia kwenye kikundi hawajawahi kuisikia. Yule mzee anaisimulia kila anapopata nafasi, na namuunga mkono.

Kuhusu bando, wamejipanga vizuri mno. Wana kompyuta moja kuukuu yenye apt-cacher-ng, programu ya kuhifadhi vinavyoshushwa. Mtu wa kwanza akishusha kifurushi cha programu kinabaki humo, na wengine wanakichukua kupitia mtandao wa chumbani bila kutumia bando lao. Mifumo mizima ya Linux ipo kwenye hadiski ya nje: Debian, Ubuntu, Mint, Fedora. Faili la Mint peke yake linakaribia GB 3, na wanakufundisha kulikagua kwa sha256sum, amri ya kuhakiki kama faili limefika zima, kabla ya kuliandika kwenye flashi. Mashine yangu ya kaunta ina RAM ya GB 4. Walinishauri Mint ya Xfce, yenye mwonekano mwepesi usiokula RAM, na inakwenda vizuri nikiwa na LibreOffice na kivinjari wazi kwa pamoja.

Sasa yanayohitaji kurekebishwa. Wanatangaza saa nane, wanaanza karibu saa tisa, na kwa aliyefunga duka saa hiyo moja ni hela. Baadhi ya vijana wanapoteza muda kubishana mfumo gani bora, huku mgeni aliyekuja na laptopu isiyowaka amekaa kimya. Nimeona kijana akimshauri mama wa duka la dawa aweke Arch. Mama yule alitaka tu mashine ya kutunzia orodha ya stoo, na Arch unaijenga kipande kwa kipande kwa mkono. Mwalimu aliingilia kati akampa Mint, lakini jambo kama hilo lisiachwe kutegemea nani yupo karibu. Wanawake pia tuko wachache, na vikao vinavyoisha giza limeingia havitusaidii kuongezeka.

Wageni nao wamezidi kuwa wengi tangu Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na kwa Intel inaanzia prosesa za kizazi cha nane, wakati laptopu nyingi za used tunazonunua hapa ni za kizazi cha nne mpaka cha sita. Foleni ni ndefu na wanaosaidia ni walewale. Wanahitaji kugawana zamu.

Ninachowaheshimu zaidi ni kwamba hawakudanganyi ili uhame. Programu yangu ya hesabu na risiti inakwenda kwenye Windows tu. Tuliijaribu kwa Wine, programu inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, ikafunguka lakini haikuiona mashine ya risiti. Wakaniambia wazi: dada, acha kompyuta moja na Windows kwa kazi hiyo, usiingize flashi ya mteja humo. Ndivyo ninavyofanya.

Nyota nne kati ya tano. Fundi anayetaka kujifunza, mwalimu mwenye maabara ya kompyuta kuukuu, mwenye steshenari, nendeni. Anayetaka kuacha mashine na kuifuata jioni ikiwa tayari atafadhaika, hawafanyi hivyo. Nakili mafaili yako kwanza nyumbani, kisha beba chaja, ekstensheni, daftari na flashi tupu ya GB 8 au zaidi. Kama shida ni printa, beba printa yenyewe na waya wake. Ukiwaelezea kwa mdomo tu watakuomba urudi nayo Jumamosi inayofuata.