M-Bond 610: gundi nzuri kwa mwenye kibano kizuri

Kwa kubandika geji za streni kwenye vihisio vya mizani, yaani vile vipande vyembamba ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri chuma kinavyorefuka au kufupika, sijaona sababu ya kuiacha M-Bond 610 ya Micro-Measurements. Ni gundi ya epoksi na fenoliki, nyepesi kiasi kwamba tabaka lake laweza kubaki na unene wa takriban milimita 0.005, na huivishwa katika tanuri.

Wembamba huo, hata hivyo, huletwa na mgandamizo. Maelekezo yanaruhusu kilopaskali 70 hadi 480, na kwa vihisio yanapendekeza 275 hadi 350. Ukitumia pedi ya mpira wa silikoni yenye milimita 10 kwa 20, kilopaskali 300 ni kani ya niutoni 60, karibu uzito wa kilo 6, na anayekisia kwa mkono huwa mbali na kiwango hicho. Ukipungua, gundi hubaki nene na yenye mapovu, na usomaji huanza kuteleza polepole ingawa mzigo haujabadilika. Ukizidi, gundi hukamuliwa nje na kuacha sehemu kavu chini ya geji.

Kwa maoni yangu, usawa wa mgandamizo una uzito kuliko hata kiasi chake. Karatasi ya Tefloni hutangulia juu ya geji ili pedi isinate, kisha pedi, kisha bamba la chuma lililochongwa kufuata umbo la sehemu inayobandikwa, hasa ikiwa ni mviringo. Kibano cha springi ni bora kuliko cha skrubu tupu, kwa sababu springi huendelea kusukuma wakati gundi inapopungua unene na vyuma vinapotanuka kwa joto, ilhali skrubu hulegea bila mtu kujua.

Kwa jaribio la siku moja, gharama hii ya tanuri na vibano haina maana: M-Bond 200, gundi inayoganda haraka, hutosheka na kidole gumba kwa dakika moja. Gundi ya AE-10 iko katikati, kwani huhitaji kilopaskali 35 hadi 135 tu na huiva kwa saa 6 kwenye nyuzi 24 za Selsiasi. Anayenunua 610 aweke vibano katika bajeti ileile ya gundi, na aviondoe kabla ya kurudisha kazi tanurini kwa uivishaji wa mwisho, ambao hufanywa kwa joto linalozidi lile la matumizi kwa nyuzi 30 hivi.