Armadillo ya William Boyd, kwa macho ya mtu aliyewahi kuhesabu majivu

Nakala yangu ya riwaya hii niliinunua kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta, mmoja wa wale wanaopanga vitabu chini kandokando ya barabara. Alitaka elfu kumi, tukaishia elfu saba. Jalada lilikuwa limeliwa na maji upande mmoja, na kwa mazoea ya kazi ya zamani nikajikuta nalipima: maji ya mvua, si ya bomba, thamani imeshuka kama asilimia 30. Nikacheka peke yangu pale barabarani. Nilipofika nyumbani na kufungua ukurasa wa kwanza, kicheko kikakata.

Kijana mmoja wa London anakwenda kwenye miadi ya kikazi. Anamkuta mwenyeji wake amejinyonga. Kijana anaitwa Lorimer Black na kazi yake ni ukadiriaji wa hasara. Marehemu alikuwa na biashara ya masanamu ya kuonyeshea nguo madukani, alikuwa akidai fidia ya bima, na Lorimer ndiye aliyekuwa akishughulikia madai yake. Hayo yote unayajua kabla chai haijapoa.

Kwa wasioijua kazi hii: duka lako likiungua, kampuni ya bima haikuletei hundi kesho yake. Inamtuma mtu. Kwenye karatasi mtu huyo si wa kampuni wala si wako, na hapa Tanzania lazima awe amesajiliwa na TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Anayemlipa, lakini, ni kampuni. Anakuja na kamera, futi ya kupimia, buti na maswali. Moto ulianzia wapi? Umeme ulikuwepo usiku ule? Mzigo wa mwisho uliingia lini, na risiti zake ziko wapi? Mimi nilifanya kazi hiyo miaka mitatu Dar es Salaam kama msaidizi, yaani mbeba futi. Ofisini tulijiita maadjasta. Wateja walikuwa na majina yao mengine.

Swali la risiti ndilo lililonichosha. Unamuuliza mtu risiti zilizokuwa kwenye droo, droo ilikuwa kwenye kaunta, na kaunta ndiyo hiyo umeikanyaga.

Na kuna hesabu moja mbaya kuliko risiti. Tuseme duka lina mali ya shilingi milioni 100. Mwenye duka, ili apunguze ada, ameikatia bima ya milioni 50 tu. Moto unakula nusu ya mali, milioni 50. Yeye anajua atalipwa zote 50, maana ndizo alizokatia. Hapati. Kwa kuwa alikatia nusu ya thamani, analipwa nusu ya hasara, milioni 25. Kifungu hicho kimo kwenye mkataba, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Mama mmoja muuza vitenge aliisikiliza hesabu hiyo hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza, “Kwa hiyo mwanangu, nusu ya moto ule ulikuwa wangu mwenyewe?” Sijasikia mwanasheria akikieleza kifungu kile vizuri zaidi. Nilitikisa kichwa, nikaandika namba kwenye daftari, nikaenda kula.

Ndiyo maana nilikishika kitabu hiki kama mtu aliyeokota barua yenye jina lake. Boyd amejua kwamba kinachomla mkadiria hasara si moto wala mafuriko. Ni ile sura ya mtu anapoelewa. Bosi wa Lorimer, George Hogg, ana falsafa nzima juu ya jambo hili. Bima, kwa maoni yake, huwadanganya watu kwamba kesho inaweza kufungwa kamba na kutulizwa. Adjasta ametumwa duniani kuwakumbusha kwamba haifungiki. Anayasema hayo kwa raha, kama mtu anayesifia pilau. Bosi wangu mimi hakuwa na falsafa. Alikuwa na kalamu nyekundu.

Hadithi yenyewe inaanza kufumuka pale Lorimer anapopewa kesi ya hoteli ya kifahari iliyoungua ikiwa bado inajengwa. Pesa ni nyingi mno. Anawabana wenye madai, wanakubali haraka kiasi kidogo kuliko walichodai, ofisi inafurahi, na yeye anaahidiwa bakshishi nono. Hapo ndipo aliyewahi kufanya kazi hii anakaa wima kwenye kiti. Mtu aliyeunguliwa kweli hakubali haraka. Anapiga simu, analia, anatishia kwenda kwa waziri, anamleta shemeji yake askari. Anayekubali haraka ana sababu, na Lorimer, hodari wa kazi, anaanza kuinusa hiyo sababu akiwa amechelewa. Sitasema zaidi, isipokuwa kwamba mbinu waliyotumia makandarasi wadogo wa hoteli hiyo inaaminika kabisa, na kwamba gari la Lorimer linalipa gharama yake.

Ukiniuliza kama ni kitabu cha kuchekesha, nitasema ndiyo, ila si kicheko cha vichekesho vya runinga. Ni kicheko cha mtani msibani. Waliokulia kwenye utani wananielewa: mtani anaingia kwenye msiba, anajilaza mahali palipokuwa pa marehemu, anadai apewe suti yake ya harusi, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa hayajakauka. Boyd anafanya hivyo hivyo. Kuna mhusika anaitwa Torquil, mtoto wa kishua, mzembe wa kutupwa, aliyeletwa ofisini kwa kujuana. Mkewe akimfukuza nyumbani anahamia kwa Lorimer bila hata kuomba vizuri, na ile nyumba iliyokuwa imepangwa kama duka la dawa inageuka gesti. Nilicheka mpaka mtoto akaja kuchungulia. Kurasa chache mbele nikagundua nimecheka juu ya mtu anayepotea.

Sehemu iliyonigusa kuliko upelelezi wote ni ya jina. Lorimer Black hakuzaliwa Lorimer Black. Alizaliwa Milomre Blocj, kwenye familia ya wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki, watu wa Fulham wenye kijikampuni cha teksi. Kwao bado ni Milo. Amejitengeneza upya kwa jina, lafudhi, suti na viatu, na kila akitulia simu inalia: ndugu wanataka pesa. Mtu yeyote mwenye ndugu na kazi ya mjini anaijua simu hiyo, inavyoanza kwa salamu ndefu kuliko kawaida. Boyd hamfanyi Lorimer kuwa msaliti wala mtakatifu. Anatoa pesa, anachukia kutoa, kisha anajichukia kwa kuchukia.

Usiku halali. Usingizi umemtoka kiasi kwamba anakwenda kulala maabara, akiwa amefungwa nyaya, ili mtafiti apime ndoto zake. Mchana anakusanya kofia za chuma za vita za kale. Hapo ndipo jina la kitabu linapoingia: armadillo, kwa Kihispania, ni kama kusema kidogo chenye silaha, mnyama aliyevaa deraya. Sisi hatuna armadillo, na kila nilipokuwa nasoma nilimwona kakakuona. Si mnyama mmoja, najua, lakini ulinganisho ulinifaa kuliko mwandishi mwenyewe alivyokusudia. Kakakuona akionekana kijijini, wazee humwekea mbele maji, nafaka na panga, na atakachokiendea ndicho mwaka utakacholeta: mvua, chakula au vita. Yaani mnyama wetu mwenye deraya anaulizwa habari za kesho. Yule wa London analipwa kuwaambia watu kwamba kesho haina habari.

Ujumbe kwa wanaojiuliza kama Kiingereza chake kinasomeka: kinasomeka, ila mwandishi anapenda nguo. Anaweza kutumia aya nzima kwa kola ya shati. Mwanzoni nilifungua kamusi, baadaye nikaamua kwamba suti ni suti. Katikati ya sura kuna vipande vya daftari la siri la Lorimer, analoandika kuhusu nafsi yake na kazi yake. Usiviruke. Niliviruka mara ya kwanza nikifukuzia kesi ya hoteli, ikanibidi nirudi.

Kasoro zipo. Mapenzi ndiyo sehemu dhaifu. Lorimer anamwona mwigizaji anayeitwa Flavia kwa bahati tu, anachanganyikiwa, anaanza kumfuatilia, na inabidi tukubali kwamba ni mapenzi. Mimi niliona ni jambo la kupeleka kituoni. Mumewe Flavia, mtu wa kurusha mipira hewani kwa ajili ya kujipatia riziki, ana wivu wa kweli na ngumi za kweli, na kwa kusema ukweli nilikuwa upande wake kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Kuna pia mwanamuziki maarufu mwenye hofu za ajabu ambaye angeondolewa kitabu kisingepungua kilo. Na ile familia ya Fulham, ingawa nimeisifu, wakati mwingine imechorwa ili mabwana wasomao wacheke meno ya watu.

Nilimfikia Boyd kwa njia ya nyumbani. Mimi mtu wa Tanga, na miaka mingi nyuma nilisoma riwaya yake ya 1982, An Ice-Cream War, kwa sababu moja tu: mle ndani kuna mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, yale ambayo nyuki waliwatimua askari. Yeye mwenyewe alizaliwa Accra mwaka 1952, akakulia Ghana na Nigeria. Armadillo, iliyotoka 1998, haina Afrika ndani yake, lakini mtu aliyekua akiwa mgeni mahali ndiye anayejua kumwandika mgeni wa Fulham aliyejificha ndani ya suti. BBC waliifanya tamthilia ya runinga mwaka 2001, James Frain akiwa Lorimer na Hugh Bonneville akiwa Torquil. Nakuambia tu kwa kuwa mtoto wa dada yangu aliniuliza kama ipo ya kutazama, ili asisome.

Nilikisoma kwa siku tano, nyingi zikiwa usiku, jambo ambalo halishauriwi kwa kitabu cha mtu asiyelala. Kama ningepewa nyota tano za kugawa ningetoa nne, na ile moja ningemnyima Flavia, au tuseme yule aliyemwandika.

Nilipomaliza nikamwazima jamaa niliyefanya naye kazi, ambaye bado yuko kwenye buti na futi, siku hizi ana cheo. Wiki tatu kimya. Nikampigia. Akasema amekisoma mara mbili, hajapata kuona mtu mweupe anayemjua bosi wetu vile, halafu akashusha sauti: kitabu kilikuwa kwenye buti la gari, mvua ya Jumamosi, mpira wa mlango umechoka, kimelowa chote.

Nikamwambia anilipe kitabu changu.

“Kabla ya kulowa kilikuwa na thamani gani?”

“Elfu saba.”

“Pole sana, kaka. Una risiti?”