The Man from U.N.C.L.E. (2015): picha ya kijasusi iliyopitwa na watu wengi

Katikati ya The Man from U.N.C.L.E. kuna tukio moja fupi litakalokuamulia kama picha hii ni yako au si yako. Ni usiku, majasusi wawili wanatoroka kwa boti baada ya kupekua mahali wasipotakiwa. Mmarekani, Napoleon Solo, anarushwa majini. Anaogelea hadi gatini, anaingia kwenye lori lililoegeshwa na kuwasha redio. Ndani kuna kikapu cha chakula cha mwenye lori. Basi Solo anajitengea kitambaa, anakula mkate, anakunywa mvinyo, huku Peppino Gagliardi akiimba kwa Kiitaliano. Nje ya kioo, mwenzake Mrusi, Illya Kuryakin, anazungushwa majini na boti ya maadui, risasi zinamfuata, moto unawaka. Wimbo haukatizwi. Milio ya vita imeshushwa mpaka inasikika kama ugomvi wa nyumba ya tatu.

Waongozaji wengi wangekimbilia kuipandisha kamera kwenye boti. Guy Ritchie anaiacha vita iwe ndogo kule nyuma, anampa steringi wake muda wa kutafuna. Karibu vichekesho vyote vya picha hii vimejengwa hivyo: hatari inatokea pembeni au nyuma, na mbele kuna mtu anayeshughulika na jambo dogo. Aliyeingia akisubiri ngumi kila baada ya dakika kumi alitoka akisema picha imepoa. Haijapoa. Yeye alikuwa anaangalia upande mwingine wa skrini.

Kwa asiyeijua: ilitoka Agosti 2015, ina dakika 116, na imeandikwa na Ritchie pamoja na Lionel Wigram. Mwaka ni 1963. Solo (Henry Cavill) alikuwa mwizi wa kazi za sanaa Ulaya baada ya vita. Alipokamatwa, CIA ikaona kipaji kama hicho kisiozee jela, ikamfanya mtumishi wake. Kuryakin (Armie Hammer) ni wa KGB, idara ya ujasusi ya Urusi ya enzi hizo, jitu lenye hasira ambazo kila mara hutangazwa na vidole vinavyoanza kugongagonga. Gaby Teller (Alicia Vikander) ni fundi makanika wa Berlin Mashariki ambaye baba yake, mtaalamu wa nyuklia, ametoweka. Victoria Vinciguerra (Elizabeth Debicki) ni tajiri wa Roma anayetaka bomu. Marekani na Urusi zinalazimika kuwaunganisha mahasimu wawili ili kulizuia. Kisa ndicho hicho, na ukikichimba zaidi hutakuta kitu. Wigram na Ritchie wameandika njama nyepesi makusudi, wakaweka nguvu zao kwenye watu.

Na watu hao wamegawiwa kwa utundu: Mwingereza anacheza Mmarekani, Mmarekani anacheza Mrusi, Mswidi anacheza Mjerumani, Mwaustralia anacheza bibi wa Kiitaliano. Kwa hadithi ya watu wanaokula kwa kujifanya wengine, imekaa sawasawa.

Sehemu ya Berlin, inayofungua picha, inatosha peke yake kuwa somo la jinsi ya kupiga tukio la kufukuzana kwa magari. Solo na Gaby wako kwenye Wartburg, Kuryakin yuko kwenye Trabant. Haya yalikuwa magari ya kawaida ya Ujerumani Mashariki, yenye injini za mapigo mawili zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili; ya Wartburg ilikuwa na silinda tatu, ya Trabant mbili. Si magari ya kujivunia mwendo, na Ritchie hajifanyi kuwa ni ya mbio. Mvutano unatoka kwenye akili: nani amekisia kona ipi, nani amesimama wapi na taa zake zimezimwa. Gaby ndiye anayeendesha, na anaendesha kama mtu anayejua kila boliti ya gari lake. Kisha Kuryakin anashuka na kulikimbiza gari kwa miguu, analifikia, analishika kwa nyuma na kung'oa mfuniko wa buti kwa mikono. Gaby anamuuliza Solo kwa nini hampigi risasi. Jibu la Solo ni kwamba, sijui vipi, haikuonekana kuwa haki. Kwa jibu hilo moja tumeshawajua wote wawili, na tumeshajua kwamba siku moja watakuwa marafiki.

Baada ya hapo kuna tukio la mkahawa bustanini ambalo wengi hulipita haraka. Wakubwa wa pande zote mbili wamewakutanisha vijana wao na kuwaambia kuanzia leo mnafanya kazi pamoja. Wakubwa wanapoondoka, wateja wa meza zote nao wanainuka. Kumbe hapakuwa na mteja hata mmoja. Wanabaki wawili tu, na kila mmoja anaanza kumchokonoa mwenzake kwa siri za familia alizosoma kwenye faili, mpaka meza inapaa.

Ila kama ni tukio moja tu la kumwonyesha anayebisha, mwonyesheni la hotelini Roma. Gaby na Kuryakin wanajifanya wachumba. Kuryakin ameketi mbele, anacheza sataranji peke yake, uso umejikaza. Nyuma yake Gaby, kwa nguo za kulalia na miwani ya jua, amekunywa, anaweka "Cry to Me" ya Solomon Burke na kuanza kucheza. Angalia jinsi picha ilivyopangwa: Kuryakin yuko wazi, Gaby ni ukungu unaorukaruka nyuma. Tunamwona mwanamke anayecheza kwa kupitia uso wa mwanamume anayejitahidi asigeuke. Anapogeuka ameshashindwa. Kinachofuata ni mieleka ya kweli, samani zinaanguka, na nafasi ya busu inapofika, msichana anasinzia. Vikander na Hammer hawasemi mengi hapo. Kazi yote imefanywa na mpangilio wa picha na wimbo uliorekodiwa miaka ya mwanzo ya sitini.

Mavazi yaliyobuniwa na Joanna Johnston nayo si pambo tu. Suti za Solo zina mikato ya mtu anayependa kutazamwa. Kuryakin yuko kwenye koti la suedi na kofia ya fundi, na hata hivyo ndiye anayejua zaidi mambo ya wanawake kuvaa. Mabishano yao dukani, juu ya mkanda wa mbunifu Paco Rabanne kuvaliwa na gauni la mbunifu mwingine, Patou, yanachekesha kwa sababu yanafanywa kwa uzito uleule wa mabishano ya silaha. Vivyo hivyo ugomvi wa vinasa sauti: kila mmoja amekuta vya mwenzake chumbani, anavirudisha mkononi kwa mkono, na bado anaukosoa ubora wake.

Sasa muziki. Mtunzi wake, Daniel Pemberton, hakutaka okestra ya kawaida ya majasusi yenye matarumbeta. Alichokitanguliza ni filimbi, tena filimbi ya sauti nzito inayopulizwa kwa nguvu mpaka pumzi ya mpigaji inasikika, pamoja na besi, ngoma za mkono, na vyombo vya nyuzi vyenye mlio wa chuma. "Escape from East Berlin" na "Breaking In" ni vipande viwili vya kuanzia. Katika cha pili, ambacho ni cha kuvunja na kuingia kiwandani, ngoma na kimya vinapokezana na vitendo: Solo anakata uzio kwa koleo, Kuryakin anaukata wake kwa leza, na muziki unakaa kimya pale hasa tunapotaka kusikia. Nyimbo zilizochaguliwa hazijali kalenda. "Compared to What" ya Roberta Flack, inayopita juu ya majina ya mwanzo, ilitoka 1969, miaka sita baada ya wakati wa hadithi. Mwenye kutaka usahihi wa kihistoria atalalamika. Mwenye masikio hatalalamika.

Kasoro zipo, tusidanganyane. Kubwa ni shambulio la kisiwani karibu na mwisho. Ritchie anaigawa skrini vipande vipande, wanajeshi wanaingia huku na kule, muziki unapiga, na kwa dakika kadhaa hujui nani yuko wapi. Mtindo wa kugawa skrini ni heshima kwa picha za miaka ya sitini, lakini huko ulitumika kuonyesha mambo mawili kwa wakati mmoja. Hapa umetumika kufupisha vita ambayo mwongozaji hana hamu nayo. Mbio zinazofuata, za gari na pikipiki milimani, zimekatwakatwa na kuvutwa kwa kompyuta mpaka uzito wa vyuma umepotea. Ukizilinganisha na zile za Berlin utadhani zimeongozwa na mtu mwingine.

Ya pili ni mazoea ya kurudi nyuma. Picha inakuficha jambo, kisha dakika chache baadaye inalirudia kwa pembe nyingine ili uone ulichokosa. Mara ya kwanza ni raha. Ikirudiwa mara kadhaa unaanza kuitegea, na mtego ukijulikana haunasi. Ya tatu: Debicki amepewa nguo nyingi kuliko maneno. Kila anapofungua kinywa picha inapata adui wa kweli, halafu anapotea. Hugh Grant naye, kama Waverly, mkubwa wa majasusi wa Uingereza, anaonekana kidogo mno kwa mtu anayeiba kila tukio analopita.

Kwa nini basi haikuuzika? Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 75 na ikaingiza karibu milioni 110 duniani kote. Kwa hesabu ya haraka inaonekana faida, lakini studio hairudishiwi pesa yote ya tiketi. Majumba ya sinema hubaki na sehemu kubwa, na gharama za matangazo haziko ndani ya bajeti hiyo. Siku ilipofunguliwa Marekani, Agosti 14, ilikutana na Straight Outta Compton, iliyochota zaidi ya dola milioni 60 wikendi hiyohiyo, ilhali hii iliambulia karibu 13. Mission: Impossible – Rogue Nation ilikuwa imetangulia kwa wiki mbili, na James Bond alikuwa njiani kwa mwisho wa mwaka. Mtazamaji wa ujasusi alikuwa ameshiba, na jina lenye nukta nukta halikumwambia chochote kijana ambaye hakuwahi kuuona mchezo wa televisheni uliolizaa.

Mchezo huo ulirushwa na NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, kuanzia 1964 hadi 1968, vipindi 105, Robert Vaughn akiwa Solo na David McCallum akiwa Kuryakin. Waliokulia nao walikuwa na malalamiko ya haki: hakuna duka la fundi cherehani lenye mlango wa siri wa kuingilia makao ya U.N.C.L.E., shirika la majasusi hao, hakuna THRUSH, kundi la maadui wao, na Kuryakin wa McCallum alikuwa mdogo wa mwili na mkimya, si jitu la kung'oa magari. Lakini picha hii inasimulia kabla ya shirika hilo kuwapo. Jina la U.N.C.L.E. linatajwa mwishoni kabisa, timu ikiambiwa kazi inayofuata ni Istanbul. Kazi hiyo hatukuonyeshwa. Kuutazama mchezo wa zamani si sharti, na anayetaka kuujaribu asitarajie mwendo huu.

Ukiamua kuitazama, mambo machache yatakuharibia kama hukuyaangalia mapema. Picha imepigwa kwa umbo pana, karibu 2.4 kwa 1, hivyo kwenye runinga ya kawaida itaacha mistari myeusi juu na chini. Usiivute ijae skrini: utakata karibu robo ya picha, na robo hiyo ndiyo yenye mzaha. Mfano mzuri ni chumba cha mateso, ambapo majasusi wawili wanajadiliana kwa utulivu wafanye nini na mateka wao. Macho yako yawe nyuma yao, kwenye kiti ambacho swichi yake tulishaonyeshwa kuwa ina hitilafu. Zima pia ule mpangilio wa runinga unaolainisha mwendo, maana unaifanya ifanane na tamthilia ya mchana.

Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza hakikusumbui. Watu wanaongea Kijerumani, Kirusi na Kiitaliano, na baadhi ya nakala huja bila tafsiri ya sehemu hizo mpaka uichague mwenyewe kwenye menyu. Ukiona watu wanaongea Kirusi na hakuna kitu kilichoandikwa, simamisha urekebishe, usidhani ndiyo sanaa. Kwa sauti, tumia spika zenye besi au vipokea sauti vya masikioni. Kwenye spika ya simu ile filimbi nzito inabaki mluzi.

Mara ya kwanza mfuate Solo. Mara ya pili mfuate Gaby, tangu anapotoka chini ya gari gereji, na uangalie ni nani hasa anayeongoza safari; sababu utaijua picha ikikaribia kuisha, na sitaitaja hapa. Majina ya mwisho yakianza kupita usizime. Mafaili ya siri ya wahusika yamewekwa humo, yanapita upesi, na bila kusimamisha kwa rimoti hutayasoma.