Adapta ya simu ya intaneti: sauti nzuri, mipangilio ya kuudhi

Sauti haina kasoro, hilo niliseme mapema. Ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini Mombasa huishi kwa simu, na tangu tuchomeke simu za mezani za zamani kwenye adapta hii, kisanduku kinachozipitisha kwenye intaneti, mteja wa Nairobi anasikika kama yuko hapo kaunta. Bili nayo imeshuka. Kero ni kuisimamia.

Kisanduku chenyewe hakina kioo. Ukitaka kujua anwani yake ya mtandao, unainua mkono wa simu, unabonyeza nyota kadhaa, kisha unasomewa tarakimu moja moja kwa Kiingereza. Ukiifungua kwenye kompyuta, unapokewa na ukurasa wenye visanduku vya kujaza visivyo na maelezo. Jina ni "admin", nywila ni "admin", na hakuna kinachokulazimisha kubadilisha. Mhuni akiingia humo atapiga simu za ng'ambo, wewe ulipe.

Lakini kilichotusumbua zaidi ni kanuni za kupiga namba, yaani zile zinazoiambia adapta namba imekamilika lini. Zilizomo ni za Marekani. Namba zetu za simu ya mkono zina tarakimu 10 na huanza na 07 au 01. Adapta haijui hilo, kwa hiyo ukimaliza kupiga inangoja, labda utaongeza nyingine. Karani akidhani simu imekufa, anakata na kuanza upya, huku dereva wa lori yuko getini anasubiri jibu. Ukibonyeza # mwishoni inatoka papo hapo, ila nani atamkumbusha kila mgeni wa ofisi? Dawa ni kuandika 0[17]xxxxxxxx kwenye mstari wa kanuni: sifuri, kisha 1 au 7, kisha tarakimu nane zozote. Kijitabu hakina mfano hata mmoja, na ukikosea alama adapta haikwambii kitu.

Kuna siku wateja walitusikia nasi hatuwasikii. Mkosaji alikuwa rauta: ina kipengele kiitwacho SIP ALG, kinachochezea anwani zilizo ndani ya ujumbe ambao adapta hutuma ili kuunganisha simu. Nilikizima, mambo yakatulia. Stima nayo ikipotea, simu zinazimika, tofauti na laini ya waya iliyopata umeme wake kutoka kituo cha kampuni ya simu. Ikirudi, adapta huamka kabla ya rauta, ikakosa intaneti, ikajikalia kimya hadi muda wake wa kujaribu tena ufike. Sasa zote mbili ziko kwenye betri moja.

Adapta ya tawi letu la Changamwe tuliichukua kwa kampuni inayotuuzia namba, na wao wameufunga ukurasa wa mipangilio. Saa yake iko nyuma kwa saa tatu: simu ya saa nne asubuhi inaandikwa ya saa moja, na hata hilo dogo lazima niwaombe wao. Ya kwanza naipa nyota tatu. Hii ya pili, moja, tena kwa ajili ya sauti tu.