Wali wa sufuria moja kwa soseji: maharage makavu au ya kopo?

Ukiwa na haraka, maharage ya kopo yanatosha. Yasuuze yapungue chumvi. Kaanga soseji mpaka zishike rangi, ziweke pembeni, kisha kwenye mafuta hayohayo tia kitunguu, nyanya, mchele, maharage na maji. Soseji zirudishe maji yakikaribia kukauka.

Makavu yanataka subira: kulowekwa usiku kucha, kumwaga maji hayo, kuchemsha saa nzima au zaidi. Yale mekundu lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, maana mabichi yana sumu inayovuruga tumbo. Lakini supu yake! Nzito, nyekundu, na mchele ukiivia humo kila punje inakolea. Kwangu makavu ndiyo chaguo; kopo ni la siku ya kuchelewa kazini.