Vespa ya ami, rangi ya hadna na chumvi ya Unguja: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kwa wenye haraka: rangi ya makopo mawili, ile ya kuchanganya na hadna, yaani dawa ya kuigandisha iwe ngumu, inafaa kununuliwa hata kama bei yake inauma. Naipa nyota nne katika tano. Ile moja niliyoizuia nitaieleza, maana nusu yake ni kosa langu.

Chombo chenyewe ni Vespa PX 150 ya marehemu ami yangu. Ilikaa banda la kuku huko Fuoni miaka kumi na moja, na kuku walishaizoea, wakitagia pale pa kuwekea miguu. Wakubwa wenzangu wanaikumbuka ikipita Darajani na ami juu yake, kanzu kaikunja mapajani. Piaggio walianza kuzitoa hizi PX mwaka 1977, na aliyewahi kuifungua anajua kwamba Vespa haina fremu ya mabomba kama honda. Bodi ndiyo fremu: bati lililobonyezwa likachomelewa. Kwa hiyo kutu kwenye Vespa si suala la urembo. Sakafu ikioza, huna chombo, una vipande viwili.

Oktoba nikaivua yote. Nilipata matundu mawili kwenye sakafu, moja la kutosha kutia kidole, na kutu nyingi ndani ya ubavu wa kushoto linapokaa tairi la akiba. Fundi bati wa mtaani alikata na kuchomelea vizuri, sina neno naye hapo. Neno ninalo kwenye kusafisha. Nilimwachia bodi asubuhi nikaenda kazini, niliporudi nikamkuta keshaanza kuipiga mchanga kwa kompresa, upande wa chini wa sakafu. Pembeni viroba viwili. Nikachota nikausugua kiganjani: mweupe, laini, na vipande vya makombe.

"Yakhe, mchanga huu umeutoa wapi?"

"Pwani tu hapo. Kwani una nini?"

Una chumvi, ndicho una nini. Mchanga wa pwani ukiurusha kwa upepo kwenye bati, chumvi inasindikwa kwenye kila kishimo cha kutu, na chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu hata kama rangi yenyewe haina tundu. Acha vumbi lake, ambalo halitakiwi kifuani. Nikamsimamisha. Upande ule nikauosha kwa maji ya mfereji na brashi mara mbili, nikaukausha, nikajiambia yatosha. Kumbukeni hapo.

Kulikobaki nilikubambua kwa dawa ya kutolea rangi, brashi ya chuma na msasa namba 80, jioni nyingi mno. Halafu nikafanya ujinga wangu wa kwanza: nikapaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ya kopo moja, ya bei rahisi, nikaiacha bodi uani nikisubiri pesa ya rangi.

Kijana wa dada yangu alifurahi. "Mjomba, tuiache hivi hivi, kama hotirodi." Anaangalia sana kwenye simu yale magari Wamarekani wanayoyaunda wenyewe majumbani: Ford ya 1932, madigadi yameng'olewa, injini ya V8 iko nje, bodi imepakwa praima tupu. Ni kweli vijana wa California walikuwa wakiyaendesha hivyo, wengine kwa mtindo, wengine kwa ufukara, wakaenda kushindana nayo kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage. Lakini yale ni majangwa. Hapa kwetu shati ukilianika jioni asubuhi unalikuta bichi. Praima ya kawaida ina vitundu visivyoonekana, inanywa maji kama mkate. Vuli ikaingia. Wiki ya tatu nikaona madoa ya rangi ya chai yanatokeza juu ya kijivu, kwanza kwenye mikunjo, halafu kila mahali. Nikaikwangua yote nikaanza upya. Huyo kijana nilimpa msasa yeye.

Sasa tufike kwenye bidhaa. Januari nikanunua, duka moja la mjini, praima ya epoksi na hadna yake, rangi ya samawati ya makopo mawili lita moja na hadna yake, na tina ya kuizimulia. Jumla haikufika laki mbili na nusu, bila msasa na puti ya kuzibia mashimo. Nilichagua rangi inayong'aa yenyewe, isiyohitaji kupakwa vanishi juu. Ukiikwaruza unaisugua na kuipiga tena kipande hicho hicho. Yenye tabaka la juu ni kazi mbili. Vespa za hapa zinaegeshwa zikibanana kama dagaa, mikwaruzo lazima.

Praima ya epoksi ni kitu kingine kabisa. Imeshika kwenye bati kiasi kwamba niliposahau tone moja kwenye sementi ya uani, lipo mpaka leo. Inafunga, maji hayapiti. Hapa nyota tano bila kufikiri. Tahadhari yake ni moja: jua linaiunguza, inakuwa kama chaki, kwa hiyo usiione ngumu ukaiacha bila rangi juu. Na puti nilipaka juu yake, si chini. Msasa 180, kisha 320, kisha msasa wa maji 600 mpaka kiganja hakikwami.

Lawama yangu kwa muuzaji ni hii: aliniuzia tina ya kukauka haraka na akaniapia kuwa "ndiyo hiyo hiyo". Siyo. Kwa joto la kaskazi, tina ya haraka inakauka hewani kabla rangi haijatua, na uso unakuwa na chenga kama umepigwa unga. Na pakiwa na unyevu, kule kukauka kwa ghafla kunalipoza bati, umande unashuka juu ya rangi mbichi, inapauka. Madigadi ya mbele nilikuwa nimeitanguliza kama jaribio, ikatoka hivyo: nyeupenyeupe, haina mng'aro. Nikamrudia, akanibadilishia, lakini tofauti ya bei akaichukua na pole hakunipa. Ulizeni tina ya taratibu kwa jina lake, na someni karatasi. Yangu ilisema sehemu mbili za rangi kwa moja ya hadna, na tina asilimia kumi. Fundi mmoja aliniambia nikadirie kwa jicho. Jicho halikadirii kemia, nikatumia kikombe cha kupimia.

La pili, hadna. Ukishafungua kopo, inanywa unyevu wa hewani. Yangu nilibakisha robo nikafunga kwa kukaza mkono tu. Baada ya wiki mbili nikakuta ukungu mweupe ndani na chini pameganda kama sabuni. Kwa nchi ya unyevu kama hii waagizaji wangeleta vikopo vidogo. Hiyo ni nusu ya ile nyota niliyoikata.

Siku ya kupuliza ilikuwa Jumapili ya Februari, saa mbili asubuhi. Umande umeshakauka, upepo haujaamka. Nilimwagia maji sakafu ya banda ili vumbi lilale, nikatundika bodi kwa kamba kwenye boriti, nikaipangusa kwa kitambaa na tina ya kusafishia. Bunduki ya kupulizia yenye tundu la milimita 1.4, umbali wa shubiri moja. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, mwepesi, kama unaipiga ukungu. Dakika kumi na tano. Mkono wa pili umelowana vyema, unaona samawati inajivuta yenyewe inakuwa kioo, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini watu wanaipenda kazi hii. Mkono wa tatu nikiwa nusu ya ubavu wa kulia, umeme ukakatika. Kompresa ilikuwa na hewa ya kumalizia ubavu, ikaishia hapo. Ulirudi baada ya dakika arubaini. Nilidhani nimeharibu, kumbe rangi hii inasubiri: nikaendelea, na alama siioni labda nikuonyeshe mimi. Ingekuwa ya kopo moja ningekuwa nimelia.

Kuna machozi mawili ya rangi chini ya taa, hayo ya kwangu. Kuna vishimo duara vichache penye ubavu, pale ambapo rangi imekataa kukaa. Bila shaka ni mafuta ya vidole vya yule kijana, alikuwa anakula sambusa.

Jambo moja sina mzaha nalo. Hadna hizi zina kemikali za isosayanati, na zikiingia mapafuni zinaweza kukuachia pumu ya kudumu. Mimi nilivaa barakoa ya vichujio viwili vya kemikali, na hata hiyo kwa kazi ya kila siku haitoshi, wanaotakiwa kuigwa ni wale wanaovuta hewa ya bomba. Kijana alijifunga kitambaa akasogea "kuangalia tu". Kifua kilimbana siku mbili. Dada yangu hakusema nami wiki nzima, na alikuwa na haki.

Kuunganisha kulianguka Ramadhani, baada ya tarawehe, chini ya balbu moja. Kila anayetoka msikitini anapita kutoa ushauri, mmoja katika watano anashika spana. Injini ilishafanyiwa kazi na fundi wake, ikaingia kwa boliti moja ndefu na shokamzoba, nusu saa. Yaliyonila muda ni mengine. Nilipovua waya za gia na klachi sikufunga uzi nyuma yake, kwa hiyo hapakuwa na cha kuvutia mpya. Masiku mawili nikitomasa bomba la katikati kwa waya mwembamba. Usukani niliuingiza, nikatia gololi kwa grisi, nikakaza, nikasimama nyuma niutazame, nikaiona madigadi imelala mkekani. Inatakiwa kuvishwa kwenye uma kabla. Nikafungua tena, gololi moja ikaruka, tukaitafuta mpaka daku.

Na usiku wa mwisho taa zote hazikuwaka. Injini inanguruma, taa kimya, honi kimya. Tukabadilisha balbu, tukabadilisha kidhibiti umeme. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa na Vespa enzi zake, akatazama akauliza: "Arthi umeikwangua?" Rangi ilikuwa imefunika mpaka penye boliti ya arthi, pale waya wa umeme unapofungwa kwenye bodi, na rangi hii haipitishi umeme hata chembe. Msasa kidogo, upana wa sarafu, taa zikawaka tukapiga kelele mtaa mzima. Nikaipaka grisi hapo ili kutu isiingie.

Idi nikaipanda mpaka Mnazi Mmoja. Sasa ni mwezi wa saba tangu kupuliza. Masika imepita juu yake, petroli imeimwagikia mara kadhaa na haikuacha doa, jua la nje ya ofisi halijaipausha. Ubavuni, mbele, usukani: kama siku ya kwanza.

Ila chini ya sakafu, upande ule uliopigwa mchanga wa pwani, pametokea malengelenge matano, kubwa lao kama punje ya mbaazi. Nililipasua kwa ukucha likatoa maji ya kahawia. Epoksi ile ile, mkono ule ule, na sentimita thelathini pembeni, nilikosafisha kwa mkono, hakuna hata moja. Hiyo ndiyo nusu ya nyota iliyo kosa langu. Vuli ikipita nitailaza ubavu, nikwangue kipande kile mpaka bati jeupe, na safari hii nitaosha mpaka nichoke.