Mafuta ya habasoda kwa mwenye kisukari: alama tatu kati ya tano

Lebo nyingi za mafuta ya habasoda hudai kwamba yanatibu kisukari. Hayatibu. Yakiwa halisi, na yakinywewa kidogo kidogo kila siku pamoja na dawa za hospitali, yanaweza kusaidia kushusha sukari ya asubuhi na HbA1c, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi michache. Kwa kazi hiyo tunayapa alama tatu. Mbili tumezizuia kwa sababu ubora unayumba mno kutoka chupa hadi chupa, na ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa mbegu iliyosagwa, si wa mafuta.

Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Saudi Arabia na kuchapishwa 2010. Wagonjwa 94 wa kisukari cha aina ya 2 waliendelea na vidonge vyao, huku wakimeza unga wa habasoda gramu 1, 2 au 3 kwa siku. Kwa waliopewa gramu 2, HbA1c ilishuka kwa takriban pointi 1.5 ndani ya wiki 12. Gramu 3 hazikuongeza faida. Hata hivyo hakukuwa na kundi la kulinganisha lisilopewa habasoda, na majaribio mengine yameonyesha nafuu ndogo zaidi ya hiyo.

Sasa piga hesabu. Mafuta ni kama theluthi moja ya uzito wa mbegu, kwa hiyo gramu 2 za unga zina mafuta chini ya gramu 1. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina gramu 4 na nusu hivi. Kimoja kwa siku kinatosha kabisa. Anayekunywa vijiko vitatu vya chakula anajiongezea kalori kama 360, na unene ukipanda, insulini nayo inazidi kushindwa kufanya kazi yake.

Zaidi ya nusu ya mafuta haya ni asidi ya linoleiki, ile ile iliyojaa kwenye alizeti. Wapo wanaoiogopa asidi hii bure: uchambuzi wa 2017 uliokusanya tafiti 20 zenye watu karibu 40,000 ulikuta kwamba wenye kiwango kikubwa cha asidi hiyo katika damu walipata kisukari cha aina ya 2 kwa uchache zaidi. Lakini mafuta ya mbegu husaidia yanapochukua nafasi ya siagi au samli. Ukiyamimina juu ya chakula ambacho tayari kina mafuta mengi, umeongeza mzigo tu.

Kinachoitofautisha habasoda na alizeti ni thaimokwinoni, na hapo ndipo chupa nyingi zinapoanguka. Kiambato hiki huharibiwa na mwanga na hupotea kwa moto, kwa hiyo chupa angavu ya plastiki iache rafuni. Chukua ya kioo cheusi, yenye tarehe ya kukamuliwa, iliyoandikwa kuwa imekamuliwa bila moto na kwamba ndani kuna Nigella sativa (jina la kisayansi la habasoda) pekee. Mafuta mazuri ni ya kahawia iliyokolea, machungu, na huwasha kooni. Yakiwa laini bila uchungu, huenda yamechanganywa na mafuta ya bei nafuu; yakinuka kama rangi ya kupaka, yamechacha. Ukishafungua, weka kwenye friji na ufunge kifuniko vizuri kila mara. Usiyakaangie. Nyunyiza juu ya chakula kilichokwisha kuiva, au kunywa wakati wa mlo, maana tumbo tupu huleta kiungulia na kichefuchefu.

Hatari kubwa ni sukari kushuka kupita kiasi kwa anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi. Pima sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, na ukiona kutetemeka, jasho jingi au kizunguzungu, kula kitu chenye sukari papo hapo. Mwambie daktari kabla ya kuanza, wala usipunguze dawa kwa uamuzi wako. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mjamzito, na anayesubiri upasuaji wasinunue.

Pima HbA1c kabla ya kufungua chupa, kisha rudia baada ya miezi mitatu, kwa kuwa kipimo hicho husoma wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Kisiposogea, usinunue chupa nyingine.